Mwamuzi Aliyeanza na wa Mwisho

Katika ufuko wetu wa Kisumu, mshindi alitajwa mwisho. Mashua nne zingeingia, umati wote ungekuwa umeona kwa macho yake nani ametangulia, na bado watu walijizuia mpaka Mwamuzi aseme. Naye hakuanza na wa kwanza hata siku moja. Alisimama ndani ya ziwa, maji yakimfika magotini, akainua kipaza sauti chake cha mkono na kusema, "Wa nne." Kisha akaitaja mashua, akataja ufuko ilikotoka, akawataja wapiga makasia wake mmoja mmoja kuanzia nahodha. Halafu akanyamaza, akingoja makofi. Yakiwa hafifu alirudia yote tangu mwanzo, na watu waliojua tabia yake walipiga makofi kwa nguvu ili wasikae juani mpaka jioni. Ndipo alipokwenda kwa wa tatu, na wa pili, na mshindi.

"Wa kwanza ana makelele yake mwenyewe," aliniambia. "Wa mwisho apewe ya watu."

Ninajua ninachokisema kwa sababu nimetajwa na kinywa kile mara nyingi, na mara nyingi zaidi nilitajwa mwishoni, yaani mahali pa washindi. Miaka ya themanini nilikuwa mpiga makasia wa mbele katika mashua iliyoitwa Nyar Nam, Binti wa Ziwa, na wazee wa ufuko ule wakihesabu mikono migumu iliyowahi kushika kasia hawaruki jina langu. Mashindano yalikuwa ya kulipwa. Wafanyabiashara wa mjini, Wajaluo kwa Wahindi, walitoa nyavu, nguo na fedha, na mwaka mzuri mshindi wa fainali aliondoka na injini ya mashua. Michujo ilipigwa siku moja kabla ya fainali. Mashua nne kila mchujo, kwenda mpaka boya la mbali na kurudi, wawili wa kwanza wanaendelea, wawili wa nyuma wanarudi kwao.

Alikuwa na kanuni moja ambayo ni lazima niieleze mapema. Hakufunga mchujo mpaka mtu wa mwisho wa mashua ya mwisho akanyage mchanga. Mpaka afunge, mashua ya uokoaji, ile pekee yenye injini, haikuruhusiwa kutoka majini. Na akishafunga, ilirudi na kuvutwa juu, kwa kuwa mafuta yalikuwa ya kuombwa. Kwa hiyo neno lake "umefungwa" lilikuwa kama komeo. Tuliokuwa majini tulilitegemea bila kulifikiria, kama mtu anavyotegemea paa.

Siku za mashindano hakula chakula cha mtu. Alikuja kutoka Kaloleni kwa miguu, na chupa yake ya chai na mihogo iliyochemshwa imefungwa kwa kitambaa. Mama mmoja aliyekaanga samaki pale ufukoni alimtania kila mwaka.

"Mwamuzi, kula ngege wangu. Mimi sina mashua."

"Una ndugu, Mama?"

"Nani hana ndugu?"

"Basi una mashua."

Alivaa shati jeupe na tai. Viatu vyake vyeusi vya ngozi alivivua, akafunga kamba zake pamoja na kuvitundika shingoni, kisha akaingia majini na tai yake. Wageni walicheka. Sisi hatukucheka, maana tulijua kwamba mtu yule aliyesimama majini mchana kutwa hakujua kuogelea. Alikuwa amefanya kazi gatini miaka mingi akifunga kamba za meli, na hakuwahi kujifunza. Nilipomuuliza sababu alisema mwamuzi anayejua kuogelea atatamani kuingia kushindana. Nadhani aliogopa tu. Alipofika mahali ambapo maji yalipita magoti, macho yake yalibadilika, akarudi hatua.

Usidhani alikuwa malaika. Nyumbani kwake, katika zile nyumba za kanso, yaani za baraza la mji, za Kaloleni, alikuwa mwizi. Alicheza ajua, bao letu la mashimo na kete, na aliiba kete mbele ya macho yako, bila haya. Ukigeuka kupokea chai kutoka kwa mkewe, shimo lako limepungua.

"Mzee, hapa palikuwa na kete zaidi."

"Zilikuwa."

"Zimeenda wapi?"

"Ulizichunga?"

Mkewe, ambaye sote tulimwita Min Okoth, yaani Mama Okoth, alipaza sauti kutoka jikoni: "Huyo alinioa kwa kuiba! Waulize shemeji zake!" Naye Mwamuzi alicheka mpaka mabega yakamtikisika, akasema, "Hapa si ziwani. Ziwani sina ndugu, hapa sina aibu." Niliwahi kumwona akimwibia kete mchungaji wake mwenyewe, mchungaji akiwa bado anaomba baraka ya chai.

Huo msemo wa kutokuwa na ndugu ziwani haukuwa wa mdomo tu. Okoth, mtoto wake wa pekee wa kiume, alipokua alijiunga na mashua iliyoitwa Mos Mos, Polepole, jina la utani lililowashika kwa haki kabisa. Kuanzia siku hiyo, baba na mtoto hawakusalimiana siku ya mashindano. Waliamka nyumba moja, wakanywa chai meza moja, wakatoka bila neno. Okoth alipita njia ya sokoni, baba njia ya stesheni, ili wasionekane pamoja. Mos Mos ilipokuwa ya mwisho, na ilikuwa ya mwisho mara nyingi, Mwamuzi alilitaja jina la mwanawe kwa sauti ileile aliyotajia mtu wa ufuko wa mbali wa Port Victoria asiyemjua. Makofi yakiwa hafifu, hapo tu, hakurudia. Sisi tuliona. Tulijifunza kuipigia Mos Mos makofi makubwa mara ya kwanza, ili Okoth asipunjwe kwa sababu ya baba yake.

Min Okoth hakupendezwa. "Mtu hawezi kuwa baba Jumapili mpaka Ijumaa tu," alisema. "Jumamosi mtoto wangu anakuwa yatima."

Mwishoni mwa miaka ya themanini niliondoka. Nilikwenda Uingereza kwa nguvu zangu, bila mjomba serikalini, nikaosha vyombo katika hoteli ya mji wa pwani huku nikisoma, na nikapata diploma ya ufundi wa majokofu ambayo leo imetundikwa ukutani ofisini kwangu. Wengi walioondoka nami walirudi na makoti tu. Mimi nilirudi katikati ya miaka ya tisini na kazi ikiningoja, kusimamia vyumba vya baridi vya kiwanda cha samaki, na wiki ya kwanza nilikwenda Kaloleni kumsalimu Mwamuzi. Okoth alikuwepo, sasa mtu mzima mwenye mabega, na nahodha wa zamani wa Nyar Nam. Niliwasimulia nilichokiona katika mji ule wa pwani: mashindano ya watu wanaolipwa kuteleza juu ya mawimbi wakiwa wamesimama kwenye ubao.

"Wanasimama juu ya nini?" Mwamuzi aliuliza.

"Ubao, Mzee. Umepakwa nta ili mguu usiteleze."

"Na kasia?"

"Hakuna kasia."

"Kasia hakuna, tanga hakuna. Sasa hiyo mbao inaenda kwa maombi?"

"Wimbi ndilo linaisukuma."

Nahodha wetu aliangua kicheko. "Omera, ndugu yangu, wewe ulienda Ulaya kusoma friji ama kudanganywa?"

Niliwaeleza vizuri, kwa kuwa nilikuwa nimeyafuatilia siku nzima mvuani wakati wenzangu wa hoteli wamelala. Kila mchujo wanaingia wachache, kila mmoja na fulana ya rangi yake, nyekundu, samawati, nyeupe, manjano, ili asichanganywe na mwenzake. Waamuzi wanakaa juu ya jukwaa chini ya turubai, wanatoa alama kwa kila wimbi, na matokeo yanasomwa kwa kipaza sauti. Bora wanaendelea, wengine wanarudi nyumbani.

"Waamuzi wanakaa pakavu?" Mwamuzi aliuliza.

"Pakavu kabisa."

"Ndiyo maana wanahitaji alama."

Nikamweleza kuhusu honi. Muda ukiisha honi inalia, mchujo umekwisha, hakuna kubishana.

"Na yule bado ako kwa maji?"

"Wimbi lake halihesabiwi, Mzee."

"Sikuulizi wimbi. Nakuuliza mtu."

Nikasema mtu yule ni mzoefu, atatoka mwenyewe. Mwamuzi alitikisa kichwa, akaniibia kete mbili. "Mimi sifungi mlango mtu akiwa nje," alisema.

Lakini fulana alizipenda. Nililipa mimi, fundi wa Kihindi mjini akazishona, na mwaka ule kwa mara ya kwanza katika ziwa letu kila mashua ilikuwa na rangi yake. Mos Mos walichagua manjano. Okoth alisema mtu wa mwisho aonekane kutoka mbali.

Miaka ile magugu maji yalikuwa yameshaingia ziwani. Asubuhi ghuba ilikuwa wazi, mchana upepo ukigeuka zulia zima la kijani lilisafiri na kuziba mahali mlipopita. Kwa hiyo Mwamuzi aliamuru michujo ianze jua likiwa changa na imalizike kabla ya upepo wa mchana, na kabla ya mvua zile zinazotushukia kutoka vilima vya Nandi. Siku ninayoieleza, michujo haikuanza asubuhi. Mgeni wa heshima, mkubwa mmoja aliyeahidi injini, alichelewa, na kamati ya mashindano ikakataa kuanza bila yeye. Mwamuzi alisimama majini akingoja, mihogo yake haijafunguliwa. Mimi nilikuwa nimeketi katika viti vya wageni, shati langu la Uingereza limenilowa jasho, na niliona wingu likikua nyuma ya mji kabla ya gari la mkubwa kufika.

Mchujo wa kwanza ulikwenda salama. Wa pili ulikuwa na watu wa Port Victoria waliovaa nyekundu, mashua mbili za karibu, na Mos Mos. Wote walilifikia boya. Tuliona manjano ikizunguka, nyuma kidogo, kama kawaida yake. Kisha upepo ukageuka na magugu yakaanza kutembea. Nyekundu walipita, na zile mbili zikapita kwa shida. Mvua ikashuka juu ya ziwa kama pazia, na nyuma ya pazia hatukuona kitu.

Mashua tatu zilikuwa mchangani. Mwamuzi alisimama majini, akitazama. Matone yalianza kutufikia. Dereva wa mkubwa alikuwa ameshawasha gari, na mtu wa kamati alikimbia mpaka ukingoni.

"Mwamuzi, soma matokeo. Mkubwa anaondoka, na akiondoka bila kuyasikia, injini ya fainali tutaikosa."

"Kuna watu nje."

"Soma basi hao wamefika!"

Hapo nahodha wa Port Victoria, kijana aliyetetemeka kwa baridi, alisema neno ambalo nina hakika alilijutia kabla halijatoka lote.

"Tunangoja kwa sababu ni kijana yako, ama? Ingekuwa ni sisi tumepotea huko, ungefunga zamani."

Haikuwa kweli. Kila mtu pale alijua haikuwa kweli. Mwaka mmoja alikuwa amewangoja watu haohao wa Port Victoria mpaka jua linazama, na alikuwa amewatajia majina yao gizani. Lakini mmoja nyuma ya umati akacheka, na mwingine akasema, "Leo ziwani kuna ndugu."

Nilimwona Mwamuzi akigeuka. Aliwatazama watu, akatazama ziwa, akawatazama watu tena. Akainua kipaza sauti.

"Mchujo wa pili umefungwa. Wa nne, haikumaliza. Wa tatu..."

Hakuitaja kwa jina. Hakumtaja nahodha wala mpiga makasia yeyote, na hakungoja makofi. Mashua ya uokoaji, iliyokuwa ikizunguka ukingoni mwa ile mvua, ilisikia neno lake, ikageuza pua na kurudi. Watu walikimbilia turubai. Mkubwa alipeana mikono na wa kwanza, gari likaondoka.

Mwamuzi hakutoka majini. Alisubiri kidogo kama mtu aliyesahau kitu, kisha akaanza kutembea kwenda mbele. Maji yalimpita magoti, yakampita kiuno, tai yake ikaelea. Tulimfikia yamemfika kidevuni, mimi na nahodha wa Nyar Nam, na alipigana nasi, mzee yule, viatu vyake vikitupiga usoni. "Fungueni," alikuwa akisema. "Fungueni. Fungueni."

Waliivuta mashua ya uokoaji tena majini, lakini injini yake ilikuwa imeingia maji na ilikataa kuwaka mpaka mvua imepita. Mos Mos ilikuwa imebanwa na magugu na kupinduliwa na upepo. Wavuvi wa ng'ambo waliwapata wengine wameshikilia mizizi. Okoth aliwasukuma wawili juu ya mashua iliyopinduka, walisema, kisha wakamwita na hakujibu. Zulia lile lilimrudisha baada ya siku kadhaa, karibu na gati ambako baba yake alifunga kamba za meli. Fulana ya manjano ilionekana kutoka mbali.

Tulimzika nyumbani kwao, ng'ambo ya Pap Onditi. Watu wa Port Victoria walikuja, wote, na walibeba ile injini waliyoishinda katika fainali, ambayo kamati haikuiahirisha. Waliiweka chini karibu na kaburi. Nahodha wao alipiga magoti. Mwamuzi aliitazama injini.

"Chukueni," alisema. "Mlishinda."

Huo ulikuwa uamuzi wake wa mwisho, tulidhani. Mashindano yalikufa. Kamati ililaumu magugu, watu wakailaumu kamati, na Min Okoth hakumlaumu mtu, ila aliacha kupika chai wageni walipokuja kucheza ajua. Kipaza sauti kililala juu ya kabati karibu na Biblia. Wapo waliosema mjini kwamba alimuua mwanawe kwa kiburi cha haki. Mimi nilibishana nao kwa sauti, na sauti yangu ninayo. Niliwaambia kwamba mtu huyo aliwangoja wana wa watu wote, akashindwa kumngoja mmoja, na aliyemshinda ni sisi wenye midomo.

Mwishoni mwa miaka ya tisini magugu yalipungua. Nilikuwa nimeshafungua karakana yangu mwenyewe ya majokofu, na pikapu yenye jina langu mlangoni, na nilitaka kuyafufua mashindano. Fedha ningetoa. Lakini kila ufuko nilioutembelea waliniuliza swali moja: nani atafunga? Nikaenda Kaloleni.

Alikuwa amepungua, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Tulicheza ajua. Niligeuka makusudi kutazama dirishani, nikakaa hivyo muda wa kutosha kuibiwa shimo zima. Nilipogeuka, kete zangu zilikuwa zote mahali pake. Nilimshinda. Sikuwa nimewahi kumshinda.

Nilimwambia nilichokuja kutaka.

"Siwezi kufungua mwingine," alisema. "Ule wa pili bado."

"Mzee, ule uliufunga."

"Niliufunga kwa honi yako ile ya Ulaya." Aliona uso wangu, akainua mkono. "Sikulaumu, nyathina, mwanangu. Mtu akitafuta sababu, haikosekani. Ningeikuta hata chini ya jiwe. Niliogopa kuitwa baba mbele ya watu, ndio hiyo."

Kutoka jikoni hapakuwa na sauti ya sufuria. Min Okoth alikuwa amesimama mlangoni, akisikiliza. Aliingia, akanyoosha mkono juu ya kabati, akashusha kipaza sauti, akakifuta vumbi kwa kanga yake na kukiweka juu ya ajua, katikati ya kete.

"Basi kaufunge," alisema.

Kesho yake asubuhi niliwapeleka ufukoni kwa pikapu, wote wawili mbele pamoja nami. Palikuwa na akina mama wakiwaparua samaki magamba, na mafundi wakiziba mashua kwa pamba na lami. Mwamuzi alivua viatu, akafunga kamba, akavitundika shingoni. Aliingia mpaka magotini. Betri za kipaza sauti zilikuwa zimekufa siku nyingi, lakini alikiinua hivyohivyo.

"Mchujo wa pili," alisema. "Wa nne. Mos Mos, ya ufuko huu." Akawataja, nahodha kwanza, mmoja mmoja. La mwisho lilikuwa, "Okoth, mtoto wangu."

Akanyamaza, akingoja.

Min Okoth ndiye aliyeanza. Kisha mimi, kisha mafundi wakaweka chini nyundo zao, na akina mama wakapiga makofi kwa mikono yenye magamba. Yalikuwa machache. Akarudia yote tangu mwanzo, kwa sauti ileile, na tukapiga tena mpaka viganja vikauma, na mama yule wa kukaanga ngege akapiga vigelegele kama arusini.

Ndipo akakishusha kipaza sauti, akageuka, akatoka majini.

Nilimshika mkono kumpandisha garini. "Mzee, hukumaliza. Wa tatu, wa pili..."

"Hao wengine walifika," alisema, akavaa viatu vyake.